Sayari Kujipanga si Kiyama: Somo la Aqida na Hesabu



Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa mbingu na ardhi. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, upo ujumbe ambao hauishi kurudi katika makundi yetu ya WhatsApp. Huja na picha ya sayari zilizopangwa kama shanga kwenye uzi, halafu tarehe, halafu aya moja au mbili za Qur'an, na mwisho agizo la kuwatumia watu kumi. Ulipita kuelekea tarehe 21 Disemba 2012. Ulipita tena kuelekea tarehe 23 Septemba 2017. Mwishoni mwa Februari 2025, sayari saba zilipokuwa upande mmoja wa anga baada ya Magharibi, picha zilezile zilipata nafasi nyingine. Tarehe zote hizo zilipita, na sisi tupo.

Wapo wanaoucheka ujumbe huo na kuendelea na mambo yao. Lakini wapo pia wanaokosa usingizi, wanaoacha kujiandaa kwa mitihani, na wanaoona kuwa kuuhoji ni kupungukiwa imani. Somo hili nimeliandika kwa ajili ya hao hasa. Nataka tuone kwamba Muislamu anayekataa kuipangia Kiyama tarehe kwa kutazama sayari hapungukiwi na imani hata kidogo. Imani yenyewe ndiyo inayomtaka akatae, na hesabu zinamuunga mkono.

1. KINACHOHESABIKA SI GHAIBU

Tuanze na msingi. Katika Suratul A'raaf (7:187) Allah anamfundisha Mtume wake (s.a.w.) awajibu wanaouliza wakati wa Saa hiyo kuwa ujuzi wake uko kwa Mola wake tu, na kwamba haitawajia watu ila ghafla. Maana hiyo imerudiwa katika Suratu Luqmaan (31:34), Suratul Ahzaab (33:63) na Suratun Naazi'aat (79:42-44). Na katika Hadithi mashuhuri ya Jibril (a.s.), Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu Kiyama alijibu kuwa muulizwaji hajui zaidi ya muulizaji. Ikiwa Malaika aliyeleta wahyi na Mtume aliyeupokea wote hawakupewa tarehe, nani mwingine amepewa?

Sasa tazama sayari. Katika Suratur Rahmaan (55:5) tunaelezwa kuwa Jua na Mwezi huenda kwa hesabu. Katika Suratu Yaasiin (36:38-40) tunaelezwa kuwa kila kimoja kinaogelea katika njia yake. Kwa sababu ya hesabu hiyo, mtaalamu wa falaki anaweza kukwambia leo sayari zitakuwa wapi miaka mia moja ijayo. Mshtarii na Zohali hukutana angani kila baada ya takriban miaka 20, na vitabu vya hesabu huandika tarehe hizo mapema kama kalenda inavyoandika siku za mwezi.

Unganisha mambo haya mawili. Kama kujipanga kwa sayari ndiko Kiyama, basi yeyote mwenye jedwali la sayari anaijua siku ya Kiyama, na wala haitakuja ghafla. Huko ni kupingana na Qur'an moja kwa moja. Kitu kinachohesabika miaka mia kabla hakiwezi kuwa kile ambacho Allah amekificha. Hii ndiyo hoja kuu ya somo letu, na yanayofuata ni kuieleza tu.

Hapa lugha yetu nayo inahitaji uangalifu. Kwa Kiswahili tunasema "elimu ya falaki" tukikusudia hesabu za Jua, Mwezi na sayari, zile zinazotupa nyakati za swala na upande wa Qibla. Lakini pia tunasema fulani "anapiga falaki", yaani anatabiri mambo ya watu kwa nyota. Neno ni moja, kazi ni mbili. Ya kwanza ilikuwa na heshima misikitini. Ibn al-Shatir, mmoja wa wanafalaki wakubwa wa karne ya nane Hijria, alikuwa mhesabu wa nyakati za swala katika Msikiti wa Umayya, Damascus. Ya pili wanazuoni waliipinga. Ibn Sina aliandika risala ya kuwarudi watabiri wa nyota, Ibn Khaldun akaitengea fasili katika Muqaddima, na Ibn al-Qayyim akaivunja kwa kirefu katika Miftah Dar al-Sa'ada.

2. YALIYOTOKEA MWAKA 582 HIJRIA

Watu wengine hudhani hofu hizi zimeletwa na intaneti. Sivyo. Kisa kilicho wazi zaidi kimo ndani ya historia yetu wenyewe.

Katika zama za Sultani Salah al-Din al-Ayyubi, watabiri walisema kuwa tarehe 29 Jumada al-Akhira mwaka 582 Hijria, ambayo ni Septemba 1186, sayari tano zitakusanyika katika buruji ya Mizani. Kwa kuwa Mizani kwao ilikuwa buruji ya hewa, walihukumu kuwa utavuma upepo mkali wenye vumbi utakaoangamiza watu na kubomoa miji. Habari ilienea mashariki na magharibi. Ulaya nako zilizunguka barua zenye utabiri huohuo, ambazo wanahistoria huziita barua za Toledo. Baadhi ya watu walichimba mapango na mahandaki ya kujificha.

Sayari zilikusanyika kweli, kwani hesabu ilikuwa sahihi. Utabiri ndio uliokuwa batili. Imad al-Din al-Isfahani, katibu wa Salah al-Din, alisimulia kuwa usiku huo walikuwa wamekaa na Sultani, mishumaa imewashwa, na hapakuwa na upepo wowote. Hakuwahi kuona usiku uliotulia namna ile. Ibn al-Athir naye ameandika katika Al-Kamil kuwa msimu huo upepo ulikosekana kiasi kwamba wakulima walichelewa kupepeta ngano na shayiri yao. Watu waliahidiwa kimbunga, wakakosa hata upepo wa kupepetea nafaka.

Baada ya hapo kisa kimejirudia kwa watu wengine. Februari 1524 Ulaya ilitishwa kwa gharika kwa sababu sayari zilikutana katika buruji ya Samaki. Februari 1962 nchini India watu wengi walikusanyika kuomba kwa sababu sayari tano, Jua na Mwezi vilikutana sehemu moja ya anga. Mwaka 1974 wasomi wawili, John Gribbin na Stephen Plagemann, walitoa kitabu kilichodai kuwa kujipanga kwa sayari mwaka 1982 kungechochea tetemeko kubwa la ardhi huko California, Marekani. Jean Meeus, mtaalamu wa hesabu za falaki kutoka Ubelgiji, alikagua madai hayo na kuonyesha kuwa sayari hazingekuwa kwenye mstari hata kidogo. Zingekuwa upande mmoja wa Jua tu, zimetawanyika katika pembe ya takriban digrii 95, zaidi ya robo ya duara. Tarehe 10 Machi 1982 ilifika na kupita bila tetemeko hilo, na Gribbin mwenyewe aliikana nadharia yake.

Kisa cha 1982 kina somo kwetu tulio chuoni. Shahada ya mtu haigeuzi dai lake kuwa kweli. Tunaangalia hoja, kama vile katika elimu ya Hadithi tunavyoangalia isnadi na si umaarufu wa anayesimulia.

3. JE, SAYARI ZINA NGUVU YA KUIDHURU DUNIA?

Wenye ujumbe hudai kuwa sayari zikijipanga, nguvu zao za mvutano huungana na kuichana ardhi. Tuipime hoja hii kwa hesabu ambayo hata mwanafunzi wa sharia anaweza kuifuata.

Kwanza, huo "mstari" wenyewe. Sayari zote huzunguka Jua karibu katika bapa moja, kama sarafu zilizowekwa juu ya meza. Mtu aliye juu ya meza hiyohiyo ataziona siku zote zikiwa kwenye njia moja ya anga. Kwa hiyo kuziona zimejipanga ni jambo la kawaida, na haina maana kuwa ziko karibu karibu. Tarehe 21 Disemba 2020 Mshtarii na Zohali vilionekana kwa macho kama vinagusana. Umbali halisi baina yao siku hiyo ulikuwa zaidi ya kilomita milioni 700.

Pili, nguvu. Mvutano unaonyanyua maji ya bahari hupungua haraka sana umbali ukiongezeka. Ukizidisha umbali mara mbili, nguvu hiyo haibaki nusu, inabaki sehemu moja ya nane. Mwezi ni mdogo, lakini uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Zuhura ina uzito wa karibu Miezi 66, lakini hata inapotukaribia kabisa iko mbali takriban mara mia moja kuliko Mwezi. Ukikokotoa, nguvu yake kwetu haifiki sehemu moja kwa elfu kumi ya nguvu ya Mwezi. Mshtarii, pamoja na ukubwa wake wote, nguvu yake ni ndogo kuliko ya Mwezi kwa zaidi ya mara laki moja. Ziweke sayari zote mahali pazuri kabisa, uzijumlishe, bado hazifiki sehemu moja kwa elfu kumi.

Tatu, linganisha na jambo linalotokea kila mwezi. Njia ya Mwezi si duara kamili. Katika kila mzunguko hutusogelea hadi kilomita 363,000 hivi na kujitenga hadi 405,000 hivi. Mabadiliko hayo peke yake hufanya nguvu yake ya kuvuta maji ipande na kushuka kwa zaidi ya theluthi moja. Hayo ni maelfu ya mara zaidi ya kile ambacho sayari zote zinaweza kuongeza. Yametokea tangu kabla ya babu zetu kuzaliwa, na Dunia haijachanika.

Kupo kujipanga kunakotugusa kweli, nako ni kwa Jua, Mwezi na Dunia. Ndugu zetu wavuvi wa pwani hawahitaji kufundishwa hilo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, Jua na Mwezi huvuta katika mstari mmoja, na bahari hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Wao huita bamvua, na hupanga kazi zao kwa kulifuata. Kujipanga huku hutokea mara mbili kila mwezi. Ndiko kwenye nguvu kuliko kote, na matokeo yake ni bamvua tu.

4. MSIBA WA MADINA NA KUPATWA KWA JUA

Tukio ambalo kila Muislamu anapaswa kulijua katika mlango huu limepokewa na Bukhari na Muslim. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), Jua lilipatwa. Wanafalaki wakihesabu kurudi nyuma hulikuta tukio hilo tarehe 27 Januari 632. Watu wa Madina walisema Jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim.

Fikiria hali ilivyokuwa. Baba amefiwa na mtoto. Anga imetiwa giza. Watu wenyewe, bila kuombwa, wameliunganisha giza hilo na heshima yake. Mtu mwongo angeikamata nafasi hiyo kwa mikono miwili, na hata mtu wa kawaida angenyamaza tu. Mtume (s.a.w.) hakunyamaza. Aliwaeleza kuwa Jua na Mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Kisha akawaelekeza kwenye swala, dua na sadaka.

Hapo pana mafundisho mawili, na tusilichukue moja tukaliacha jingine. La kwanza ni kuwa matukio ya angani si matangazo ya mambo ya watu. La pili ni kuwa matukio hayo si ya kupuuzwa, kwa sababu yanatukumbusha aliyeyaumba. Novemba 3, 2013, kivuli cha Mwezi kilipopita Pakwach, kaskazini mwa Uganda, tarehe na saa zilikuwa zimejulikana miaka mingi kabla. Kujua saa hakukuiondoa Sunna ya swala ya kupatwa kwa Jua. Ibn Taymiyya ameeleza kuwa kujua wakati wa kupatwa ni jambo la hesabu, kama kujua mwendo wa Mwezi, na halimo katika kudai ghaibu.

Imam al-Ghazali, katika utangulizi wa Tahafut al-Falasifa, anakwenda mbali zaidi. Anaeleza kuwa anayepinga hesabu zilizothibiti za kupatwa kwa Jua na Mwezi akidhani anaitetea dini, anaidhuru dini. Mwenye kuujua uhakika wa hesabu zile hataishuku hesabu. Ataishuku dini iliyonasibishwa na upinzani ule. Ndugu yangu, hatari ya jumbe hizi ndiyo hiyohiyo. Tarehe ikipita bila kitu, kijana aliyetumiwa aya na tarehe pamoja hajui kuzitenganisha. Anaona kana kwamba aya ndiyo iliyokosea.

5. HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo ndugu wenye nia njema watakaouliza maswali, na wana haki ya kujibiwa.

"Mbona Suratul Qiyaama (75:8-9) inataja Mwezi kupatwa, na Jua na Mwezi kukusanywa?" Ni kweli, na tunaamini hivyo bila shaka. Lakini soma pamoja na Suratut Takwiir na Suratul Infitwaar: Jua kukunjwa, nyota kupukutika, mbingu kupasuka. Aya hizi zinaeleza kuvunjika kwa utaratibu tunaoujua. Sayari kukutana ni utaratibu huo ukifanya kazi yake kama kawaida. Hata Jua kuchomoza kutoka magharibi, alama iliyotajwa katika Hadithi sahihi, ni jambo litakaloivunja hesabu na halipatikani ndani ya jedwali lolote.

"Mbona Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliogopa Jua lilipopatwa?" Naam, katika Hadithi ya Abu Musa (r.a.) inaelezwa kuwa alisimama kwa hofu akichelea isiwe Saa. Hofu hiyo ni ibada, na mwenye kuikosa ndiye wa kuhuzunikiwa. Lakini tazama alichofanya: alikwenda msikitini akaswali kwa kisimamo kirefu. Hakutaja tarehe. Kuiogopa Saa ni sifa ya waumini, na kuitangazia siku ni kudai ujuzi usio wako.

"Na ile Hadithi ya ukelele wa Ramadhani?" Ilienea sana mwaka 2020, ikidai kuwa Ijumaa ikiangukia nusu ya Ramadhani utasikika ukelele wa kuangamiza. Ijumaa hiyo ilikuwa tarehe 8 Mei 2020 kwa walioanza kufunga tarehe 24 Aprili; kwa walioanza siku iliyofuata, 15 Ramadhani yao ilikuwa Jumamosi. Riwaya hiyo imo katika Kitab al-Fitan cha Nu'aym bin Hammad, na Ibn al-Jawzi ameiweka katika mkusanyiko wake wa Hadithi za kutungwa. Hesabu nayo inasema lake. Wiki ina siku saba, kwa hiyo tarehe 15 Ramadhani huangukia Ijumaa takriban mara moja kila miaka saba. Katika miaka zaidi ya 1,400 hiyo ni kama mara 200. Ibn al-Qayyim katika Al-Manar al-Munif ametupa kanuni: riwaya zinazotaja tarehe za matukio yajayo, mwaka fulani kutokea hiki na mwezi fulani kutokea kile, ni katika alama za uongo.

6. UKIPOKEA UJUMBE, UUPIME

Kabla ya kubonyeza na kutuma, jiulize mambo manne:

(i) Je, unataja tarehe ya Kiyama au ya maangamizi ya dunia? Kama ndiyo, umegongana na Qur'an tayari.

(ii) Hadithi iliyomo imetoka kitabu gani, na wanazuoni wameihukumu vipi? "Imepokewa kwamba" si isnadi. Kumzulia Mtume (s.a.w.) kumetolewa kamio la moto, na anayesambaza kila anachosikia hajiepushi na uongo.

(iii) Tukio linalotajwa limewahi kutokea mara ngapi, na nini kilifuata?

(iv) Ujumbe unakutaka ufanye nini? Ukikuita kwenye toba, swala na kulipa haki za watu, hayo ni ya kila siku na hayahitaji sayari. Ukikutaka utume kwa watu kumi, ununue kitu au utoe fedha kabla ya tarehe, umeshajua nani anafaidika.

Na ukiona mwenzako ameingiwa na hofu, usimcheke. Kaa naye, msomee Hadithi ya Ibrahim, mwonyeshe hesabu. Mtu huyo anaogopa kukutana na Mola wake, na kuna wengi wasioogopa hata hilo.

HITIMISHO

Anas bin Malik (r.a.) amepokea kuwa mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza Kiyama kitakuwa lini. Mtume (s.a.w.) hakumpa tarehe, alimuuliza amekiandalia nini. Na katika Hadithi nyingine aliyoipokea Anas, tumeelekezwa kuwa Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Kwetu sisi wanafunzi mche huo ni muhula huu, swala hii ya Alasiri, deni la mwenzako ulilochelewesha, na mzazi anayengoja simu yako.

Tumuombe Allah atupe elimu yenye manufaa, atukinge na kusema juu yake tusiyoyajua, na atujaalie mwisho mwema. Aamiin. Wallahu a'lam.

Maswali ya kujadiliana katika darsa:

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya elimu ya falaki na kupiga falaki, na utoe mfano wa kila moja.

2. Kwa nini kuhesabika kwa mwendo wa sayari kunavunja dai la kuwa zinataja siku ya Kiyama?

3. Mtume (s.a.w.) angenyamaza siku ya kifo cha Ibrahim, Waislamu wa leo wangekuwa na msimamo gani kuhusu kupatwa kwa Jua?